Pono wa Nchi Kavu

Mwalimu wetu wa Baiolojia alikuwa hali samaki. Naanza na hilo makusudi, maana nikianza na mengine utadhani nakusimulia habari za mtu wa kawaida. Hali samaki, hagusi samaki, na harufu ya samaki ikiingia darasani yeye anafunga dirisha hata kama ni saa nane mchana na jua la Dodoma linatutoa roho. Lakini kwa miaka yote niliyokaa mbele yake, kidato cha pili mpaka cha nne, kiumbe aliyetufundisha ni samaki. Tena si samaki wote, samaki mmoja tu: pono.

Sasa fikiria mwenyewe. Shule iko Makole. Bahari iko mwendo wa siku nzima kwa basi, basi lenyewe likiwa zima. Mto wa karibu una maji siku chache za masika, mwaka uliobaki ni njia ya mbuzi. Pono tulikuwa tunamjua kwa usingizi tu, kwa sababu watu husema fulani analala kama pono. Mimi mpaka naingia sekondari nilidhani pono ni mlevi fulani wa zamani. Kumbe ni samaki wa kwenye miamba ya matumbawe, maji ya joto yasiyo na kina kirefu, anayekula kutwa nzima na kulala usiku kucha. Nilivyolijua hilo nikasema haya, tumeshamjua, tuendelee na seli. Hatukuendelea na seli.

Mimi nilikuwa nataka uuguzi. Sikuutaka kwa wito wala kwa huruma, mniwie radhi. Niliutaka kwa sababu shangazi aliyenilea alikuwa ameshasema wazi: nikikosa chuo, kuna bwana mmoja wa Ipagala mwenye mashine ya kusaga, anatafuta mke wa pili, na ameshakuja kunywa chai mara mbili. Chuo cha uuguzi kilitaka ufaulu wa Baiolojia. Kwa hiyo kati yangu na yule bwana wa mashine, aliyekuwa na unga mpaka kwenye nyusi, alisimama mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa anachora pono ubaoni.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na amevaa koti la sufu. Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ilikuwa imeingia mji mzima, na watu waliokuwa wamevaa shati moja miaka mitatu ghafla wakaanza kuchagua. Mwalimu alichagua koti la nchi ya barafu, la kijivu, lenye vifungo vya ngozi, akalivaa Oktoba. Jasho likimtiririka anasema, "Mwanasayansi havai kufuata hali ya hewa." Walimu wenzake wote walikuwa wafanyabiashara kufikia wakati ule. Wa Hisabati alikuwa anauza barafu za ukwaju, wa Jiografia anauza chupi za mitumba kwenye stafurumu ya walimu, tena mwenyewe anakupimia kwa macho. Mwalimu aliwadharau wote. "Nchi imekuwa soko," alikuwa akisema. "Hata chaki itapigwa mnada." Halafu jioni anarudi nyumbani kula ugali ulionunuliwa na dagaa.

Ndiyo, dagaa. Mke wake, Mrangi wa Kondoa, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa anauza dagaa sokoni kwa mafungu. Mshahara wa mwalimu ulikuja ulipojisikia kuja, dagaa walikuja kila wiki kwa treni. Kwa hiyo mtaalamu wetu wa samaki alilishwa na samaki, akavishwa na samaki, na usiku akalala na mke mwenye harufu ya samaki, huku analalamika. Wanafunzi tuliopita nyumbani kwake kuchukua madaftari tulimsikia yule mama: "Funga dirisha, funga! Kesho nitauza waridi sokoni, tuone kama watoto watakula waridi!"

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Anaingia, anafuta ubao hata kama ni safi, anachora pono. Anachora vizuri, sitamnyima haki yake. Rangi za chaki zilikuwa hazipatikani, basi anatuambia rangi kwa mdomo: hapa kijani, hapa samawati, hapa waridi kama ufizi. Anatuonyesha meno yalivyoungana yakawa mdomo wa kasuku. Anatuambia huo mdomo ni wa kukwangulia mwani kwenye mwamba, na pono hukwangua mwani pamoja na mwamba wenyewe, akausaga, akautoa nyuma ukiwa mchanga mweupe. "Zile fukwe mnazoziona kwenye kalenda," anasema, "watu wanazotandikia taulo, nyingine ni mavi ya pono." Darasa linaanguka. Yeye hacheki. Usiku, pono wa aina fulani hutoa ute mdomoni, akajifunika mwili mzima ndani yake, akalala salama. Hapo tulikuwa na sentensi yetu ya kuitikia, kwa Kiingereza chake, ambayo kwa Kiswahili ni hii: pono hujifunika shuka lake mwenyewe, kama mstaarabu yeyote. Tuliiitikia darasa zima kwa pamoja, kila wiki, kama salamu.

Halafu likaja lile somo la jike kugeuka dume. Loo! Binti mmoja alikwenda nalo nyumbani, na kesho yake baba yake, katekista, akafika shuleni na baiskeli na Biblia.

"Mwalimu, binti yangu anasema wewe unafundisha jike anageuka dume."

"Pono, mzee."

"Pono ndiye nani?"

"Samaki. Wanakaa dume mmoja na majike wake. Dume akifa, jike mkubwa kuliko wenzake anashika nafasi. Anabadilika rangi, anabadilika na kila kitu."

"Na kila kitu?"

"Kila kitu, mzee."

Katekista akatazama juu, akatazama chini. "Sasa wale wajane hawarudi kwao?"

"Hawarudi. Wanabaki na yule mwenzao."

"Basi hao samaki hawana wazee," katekista akasema, akapanda baiskeli yake. Mwalimu alilitumia jibu hilo darasani mwaka mzima kama mfano wa ujinga. Mimi mpaka leo naona katekista alishinda.

Alikuwa na misemo. Ukisinzia, na kwa uji ule wa mtama kila mtu alisinzia, anakusimamia kichwani: "Usilale kama pono kabla hujajua pono analalaje. Simama ueleze." Unasimama, mate yamekauka shavuni, unaeleza. Hakupiga fimbo. Walimu wengine walipiga, yeye alikuelezesha, na wapo waliosema bora fimbo. Ukimuuliza chumvi ya bahari ikoje, anakutuma ukanywe maji ya kisima cha shule, maji ambayo sabuni ilikuwa haitoi povu ndani yake. "Hiyo ni bahari iliyoanza," anasema. "Imekosa miamba tu."

Na majigambo yake! Alitusimulia alivyozamia alipokuwa chuoni. Alivyoshikilia mwamba kwa mkono mmoja, pono wakampita usoni, akawasikia wakitafuna. "Unasikia kra, kra, kra, kama mtu anayetafuna barafu." Alikuwa na ushahidi: miwani ya kuzamia, ya mpira mweusi, kwenye droo ya meza yake. Aliitoa kwa heshima, akaizungusha, akairudisha. Tuliiogopa ile miwani. Mtoto wa Dodoma ameona wapi miwani ya kuingilia majini?

Siku moja kidato cha nne, mtihani uko karibu, nilijitia ujasiri nikamfuata nje.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umelala vizuri?"

"Mwalimu, silabasi. Hatujasoma urithi, hatujasoma seli, mimea hata jani moja hatujagusa. Mimi nataka chuo cha uuguzi."

Akanitazama kama mtu aliyeombwa mkopo. "Mmeng'enyo umeusoma?"

"Wa pono."

"Uzazi?"

"Wa pono, Mwalimu! Binadamu hatugeuki!"

"Ukimjua kiumbe mmoja kwelikweli," akasema, akifunga vifungo vya koti juani, "wengine watakuja wenyewe." Akaondoka. Nililia kwenye choo cha wasichana, kisha nikaazima daftari la binamu yangu wa shule nyingine, nikakariri seli peke yangu. Nilimchukia. Silifichi.

Mtihani ukaja. Yale ya seli na urithi nikayajibu kwa daftari la binamu, nikapapasa papasa. Halafu swali la mwisho, la insha, lenye alama nyingi: chagua mnyama mmoja, eleza mazingira yake na jinsi mwili wake unavyomsaidia kuishi humo. Nikasikia kalamu zote za chumba kile zinaanza kwa wakati mmoja. Sikuhitaji kuinua kichwa kujua wanaandika nini. Darasa zima, watoto wa wafugaji na wakulima wa uwele, watoto ambao hata bwawa hawajalivuka, waliandika pono. Isipokuwa mmoja. Yeye alikuwa amekosa shule karibu mwaka mzima, akaandika ng'ombe.

Matokeo yalipotoka, aliyekuwa na matokeo ni yule wa ng'ombe tu. Sisi wengine mbele ya majina yetu palikuwa na neno moja: yamezuiliwa. Tulishukiwa kuibiana. Wasahihishaji huko walikokaa walikuwa wamefungua karatasi ya kwanza kutoka Dodoma wakakuta pono amejifunika shuka kama mstaarabu yeyote. Wakafungua ya pili, mstaarabu. Ya kumi, mstaarabu. Nani asingeshuku? Mtu amekaa katikati ya nchi kavu, anajua utumbo wa samaki wa matumbawe kuliko anavyojua mbuzi wa baba yake!

Tuliitwa shuleni wote. Mkuu wa shule alitueleza kwamba wakubwa wa mitihani wanakuja kuhoji, na ikithibitika jibu lilivuja, mtihani wetu unafutwa. Nyumbani barua ya chuo cha uuguzi ilikuwa mezani, inasubiri matokeo na ina siku yake ya mwisho. Yule bwana wa mashine ya kusaga alikuwa amekuja kunywa chai mara ya tatu, safari hii na kilo mbili za sukari.

Alikuja mama mmoja wa makamo, mpole kwa sauti, mkali kwa macho, na kijana wa kuandika. Tulikaa kwenye madawati yetu ya zamani. Walimu walisimama nyuma, Mwalimu wetu na koti lake kando ya dirisha.

"Nani aliwapa jibu hili?" yule mama akauliza.

Akachukua karatasi mojawapo, akasoma kwa Kiingereza: pono hujifunika shuka lake mwenyewe...

Na sisi, Mungu atusamehe, tukamalizia darasa zima kwa sauti moja: kama mstaarabu yeyote!

Kijana wa kuandika akaangusha kalamu. Mkuu wa shule akafumba macho. Nikajiona nimeshika ufagio, nafagia pumba za mashine Ipagala.

"Ni mimi," sauti ikatoka nyuma.

"Uliwapa jibu wewe?"

"Niliwafundisha."

"Silabasi haina pono, Mwalimu."

"Haina, mama."

"Basi umeyatoa wapi? Maana aliyepata karatasi ya mtihani mapema naye angesema alifundisha tu. Nionyeshe ulikoyatoa, kabla ya mtihani. Kama huna cha kuonyesha, mimi nina ripoti ya kuandika."

Sote tuligeuka kumtazama. Tulijua atasema nini: chuoni, kisiwani, nilizamia, kra kra kra. Nami nilijua, kwa mara ya kwanza nikiwa na akili zangu timamu, kwamba jibu hilo litatuzamisha, kwa sababu maji hayatoi hati. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Kisha akaja mbele, akafungua droo, akapitisha mkono chini ya ile miwani, akatoa kitabu.

Kilikuwa kitabu cha Baiolojia cha zamani, kikubwa, chenye muhuri wa maktaba ya shule, na hakikuwa na matumbo. Kurasa zilikuwa zimechanwa mwanzo na mwisho. Mwenye duka alifungia karanga nusu yake, Mwalimu akaeleza, katika ile miaka ambayo karatasi ilikuwa haipatikani na mlinzi wa maktaba alikuwa na njaa. Iliyobaki ni sura moja, ya samaki wa matumbawe. Shule haikuwa na kitabu kingine. Yule mama akasoma. Akachukua karatasi yangu, nakumbuka ilikuwa yangu, akalinganisha. Sentensi kwa sentensi. Hata mstaarabu alikuwemo mle. Hata ule mlio wa kutafuna barafu ulikuwemo, umeandikwa na mtu mwingine.

"Kwa hiyo hawa samaki wewe hujawaona."

"Bahari yenyewe sijaiona, mama."

Alisema hivyo mbele ya walimu wauza barafu, mbele ya mkuu wa shule, mbele yetu. Alikuwa ametuokoa, na kila mtu chumbani aliona kwamba ametuokoa. Hapo ndipo mimi, ambaye maisha yangu yote yalikuwa mezani pale, nikafungua mdomo.

"Na ile miwani, Mwalimu?"

"Mnadani," akasema.

Nikacheka. Wa kwanza kabisa. Kisha darasa zima likalipuka, walimu nyuma wakalipuka, yule wa chupi za mitumba akashika ukuta. Mwalimu alisimama na kitabu chake, akatusubiri tumalize, kama alivyokuwa akitusubiri siku zote.

Matokeo yaliachiliwa. Nilipata chuo, na yule bwana akaoa kwingine, naambiwa mke ana afya nzuri. Mwalimu hakufundisha tena pono. Alipewa ufunguo wa stoo, akawa anagawa chaki na majembe, na watoto wapya walimpigia kelele dirishani: kra, kra, kra! Hadithi ilikuwa imeenea mpaka Kondoa. Mimi niliieneza zaidi ya wengine. Nilikuwa naisimulia chuoni nikiigiza na koti, watu wanagaragara.

Kazi yangu ya kwanza nilipangiwa Tanga. Huko ndiko nilikomwona pono, sokoni, amelazwa juu ya meza ya saruji, kijani na samawati, mdomo wa kasuku umeachama. Nilisimama pale nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Likizo ilipofika nikamnunua mmoja mzima, nikamtia kwenye deli la barafu, nikapanda naye basi mpaka Dodoma.

Mwalimu hakuwepo nyumbani, alikuwa amekwenda msibani. Mke wake akanipokea kwa vigelegele, akapokea deli, na kabla sijamaliza kueleza nilikuwa nimeleta nini na kwa nini, alikuwa ameshakaa kwenye kibao uani na kisu mkononi, magamba yanaruka. Kwake yeye samaki hakuwa kitu cha kuelezewa, alikuwa wa kupaliwa na kupikwa. Mwalimu akaingia wakati mama analalamika.

"Mwanangu, huko Tanga wamekupunja! Samaki gani huyu? Nimemkata utumbo, mchanga mtupu!"

Mwalimu akasimama na kofia mkononi. Amezeeka, koti limekuwa kubwa.

"Shikamoo Mwalimu."

Akapita mbele yangu, akachuchumaa kwenye bakuli la matumbo, akaingiza mkono. Akaukamua utumbo taratibu kwa vidole viwili. Ukatoka mchanga mweupe laini, ukajaa kiganjani.

"Mchanga," akasema.

"Si ndivyo ninavyosema!" mke wake akajibu. "Mchanga!"

Aliusugua kwa kidole gumba. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia darasani, "Nilikuwa naogopa. Miaka yote ile. Kitabu kimoja, kimechanika, huna cha kukilinganisha nacho. Nilikuwa nasema, kama ni uongo je? Nimewajaza watoto wa watu uongo."

Nikachuchumaa karibu yake. Nilikuwa nimeipanga hotuba nzima kwenye basi, ikayeyuka na barafu.

"Mwalimu, nisamehe. Siku ile mimi ndiye niliyeanza kucheka."

"Najua," akasema bila kuniangalia. "Nilikuwa nimesimama mbele. Ningekosaje kukuona?"

Akaumwaga ule mchanga kwenye mfuniko wa sufuria, akaufuta mkono kwenye koti, akamwomba mke wake kisu. Kisha akanisukumia kichwa cha yule samaki.

"Shika vizuri, kisiteleze. Kitabu kinasema ana meno mengine kooni, na hayo bado sijayaona."